Daftari la wahitaji na wema usioandikwa

Parokia nyingi zina daftari ambalo waamini wengi hawajawahi kuliona. Halisomwi kwenye matangazo wala halikai rafu moja na daftari la ubatizo na la ndoa. Ndani yake mna majina ya wanaosaidiwa: mjane, mgonjwa wa muda mrefu, watoto waliobaki na bibi yao; na mbele ya kila jina, kilichotolewa na tarehe yake. Nimelishika daftari la namna hiyo kwa miaka kadhaa nikiwa katibu wa kamati ya matendo ya huruma. Msomaji ajue basi tangu mwanzo ninakoegemea.

Katika kikao kimoja cha parokia, tulipokuwa tukijadili iwapo misaada yote ipitie kwenye kamati, mzee mmoja ninayemheshimu sana alisimama akasema: "Upendo hauandikwi kwenye daftari." Alipigiwa makofi mengi. Maneno yake yana ukweli, nami nitajaribu kuupa haki yake. Lakini makofi yale yaliniuma, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya walioandikwa mle aliyekuwamo ukumbini kujisemea.

Hoja ya mzee ni hii. Yesu alifundisha kwamba utoapo sadaka, mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kulia. Msamaria hakumuuliza majeruhi anatoka jumuiya gani, wala hakusubiri kikao. Wema unaopitia kwenye fomu hupoa njiani, na mbaya zaidi, huwapa watu kisingizio: nimeshatoa kwa kamati, jirani yangu akiugua kamati itakwenda. Hili la mwisho nimeliona kwa macho yangu. Kuna mgonjwa ambaye majirani walizoea kumtembelea kila jioni, na tulipomwandika tu, ziara zikapungua. Alipata dawa kwa wakati, lakini jioni alikaa peke yake. Anayesema daftari halina hasara hajawahi kukaa na mtu kama yule.

Hata hivyo, wema wa papo kwa papo nao una njia zake, na njia hizo hupita kwa watu tunaowafahamu. Mwimbaji mmoja wa kwaya yetu aliugua, na katika juma moja alifikiwa na kwaya, umoja wa wanaume, vijana na jumuiya yake. Kila kundi lilikuja na chakula, na kila kundi lilitoka machozi yakilengalenga. Mkewe alituambia baadaye, kwa aibu, kwamba kingine kiliharibika wakakitupa. Majuma hayohayo kulikuwa na mama aliyesali benchi la mwisho karibu na mlango, ambaye huondoka kabla ya matangazo. Hakuwa mwimbaji, hakuwa na kikundi, na alikuwa amehamia karibuni. Hatukumgundua kwa sababu ya moyo wetu mwema. Tuligundua kwa sababu mwenzangu aliketi na orodha ya waamini wote, akapitisha kidole mstari kwa mstari akiuliza: huyu ametembelewa na nani? Mbele ya jina lake palikuwa patupu. Tulipofika kwake tulikuta amezima jiko siku ya tatu.

Nafasi ile tupu ndiyo hoja yangu yote. Moyo humwona aliye mbele yake. Ambaye hayupo mbele ya mtu yeyote haonekani mpaka pawe na karatasi inayoonyesha kwamba hakuna aliyefika kwake.

Kanisa la kwanza lilijifunza jambo hili mapema. Kitabu cha Matendo, sura ya 4, kinasema hapakuwa na mwenye mahitaji kati ya waamini. Sura mbili tu mbele, pana manung'uniko: wajane wa Wayahudi wenye lugha ya Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwakemea watu kwamba wameishiwa upendo. Upendo ulikuwapo, ila ulitiririka kwa wenye ndugu na wenye lugha ya mjini. Dawa yao ilikuwa kuchagua watu saba kwa majina na kuwakabidhi kazi hiyo, na majina yote saba, Stefano, Filipo na wenzao, ni ya Kiyunani. Mimi nasoma hapo kwamba waliosahauliwa walikabidhiwa usimamizi wenyewe.

Kuna hesabu moja ambayo huwa inanirudia kila ninapofungua daftari letu. Mwaka 251, Kornelio, askofu wa Roma, alimwandikia Fabio, askofu wa Antiokia, barua kuhusu mgogoro uliokuwa umeligawa kanisa lake. Mwanahistoria Eusebio aliihifadhi sehemu ya barua hiyo. Katikati ya ugomvi, Kornelio anataja idadi ya watu wa kanisa lake: mapadre 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7, akoliti, yaani wasaidizi wa altareni, 42, wapunga pepo, wasomaji na mabawabu kwa pamoja 52; na papo hapo, katika sentensi ileile, wajane na wenye dhiki zaidi ya 1500.

Nimeigeuza hesabu hiyo mara nyingi. Wahudumu, ukiwajumlisha na askofu mwenyewe, ni 155. Yaani kwa kila mhudumu mmoja palikuwa na wahitaji karibu kumi. Ukiwagawa wahitaji hao kwa mashemasi saba tu, kila shemasi anabaki na zaidi ya watu 210. Jaribu kuwataja kwa majina watu 210 unaowafahamu, kisha useme ni nani kati yao ana mtoto mgonjwa leo. Hakuna kichwa kinachobeba hayo. Mahali fulani Roma palikuwa na maandishi, na palikuwa na mtu aliyekuwa akiyasahihisha: huyu amefariki, huyu amepona, huyu amehama.

Tena fikiria wakati wenyewe. Mateso ya kaisari Decius dhidi ya Wakristo yalikuwa yametoka kupita. Askofu Fabiano aliyemtangulia Kornelio aliuawa Januari 250, na kiti kikakaa wazi zaidi ya mwaka. Kanisa halina askofu, baadhi ya waamini wamekana imani, wengine wako gerezani. Na bado, mambo yalipotulia, wajane walikuwa na idadi. Siamini idadi ile ilipatikana kwa kukisia. Naona ndani yake watu wasiotajwa popote ambao walizunguka nyumba kwa nyumba mwaka mzima wa hofu, wakihesabu. Wapo wanaoona idadi ni kitu baridi. Mimi hii inanipa joto kuliko hotuba nyingi za upendo nilizosikia.

Kuhusu Msamaria, ambaye mzee wetu alimtaja, simulizi halikuishia kando ya barabara. Alimpeleka majeruhi kwenye nyumba ya wageni, akamlipa mwenye nyumba dinari mbili, akamwambia kwamba chochote atakachogharimu zaidi atamlipa akirudi. Huyo ni mtu aliyefungua hesabu. Huruma yake ilianza papo hapo, kweli, lakini aliipangia kesho yake.

Karne nyingi baadaye, Agosti 1617, Mtakatifu Vinsenti wa Paulo akiwa paroko wa Châtillon, Ufaransa, aliambiwa kabla ya misa kwamba familia nzima ni wagonjwa na hakuna wa kuwahudumia. Aliwasemea mimbarini. Alipokwenda mwenyewe baadaye, alikuta njia imejaa watu wanaokwenda na kurudi na vyakula. Alifurahi, na akaona hatari: leo wamepewa kupita kiasi, vingine vitaoza, na baada ya siku chache watarudi palepale walipokuwa. Kilichomkuta mwimbaji wetu kilikuwa kimeshatokea miaka 400 iliyopita. Vinsenti aliwakusanya wanawake wa parokia, akawawekea zamu na kanuni.

Wengi husema kanuni huua upendo, na hao ningewaomba wasome kanuni zile. Zinamwelekeza mwenye zamu amsalimie mgonjwa kwa uchangamfu, amwandalie mahali pa kulia chakula kitandani, amsaidie kula. Kisha zinamwambia aanze na wagonjwa walio na mtu wa kuwatazama, amalizie na yule aliye peke yake, ili apate kukaa naye kwa muda mrefu zaidi. Sijui moyo gani wa papo kwa papo ungewaza hilo. Aliyelipanga alikuwa ameketi chini akafikiria jioni ya mtu mpweke saa kwa saa. Hiyo ndiyo kanuni tuliyoikosa sisi kwa yule mgonjwa wetu ambaye majirani waliacha kwenda. Kosa halikuwa kumwandika, kosa lilikuwa kuandika dawa bila kuandika jioni zake. Siku hizi safu ya mwisho katika daftari letu ni jina la anayekwenda kuketi naye.

Nikifika hapa, haki inanidai nirudi upande wa mzee, maana daftari lina historia nyingine, na ni ya aibu. Uingereza, ambako parokia ndizo zilizobebeshwa kisheria kazi ya kuwatunza maskini, sheria ya 1697 iliamuru wanaopokea msaada wavae begani, mkono wa kulia, alama ya kitambaa: herufi P pamoja na herufi ya kwanza ya jina la parokia yao. Mke na watoto nao pia. Sheria hiyo haikufutwa mpaka 1810. Jina lililoandikwa kitabuni lilihamishiwa begani, likatembezwa sokoni na kanisani. Na mwaka 1869 kilianzishwa London chama cha kuratibu misaada ambacho wapelelezi wake walipita majumbani kuwachambua maskini, nani anastahili na nani hastahili. Nia ya wengi wao ilikuwa njema. Maskini waliogopa hodi yao.

Mbegu ya jambo hilo ipo hata katika Maandiko. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unaagiza mjane asiandikwe kama hajafikisha miaka 60, na unataka ushuhuda wa matendo yake mema. Nauheshimu waraka, kanisa lile lilikuwa na uwezo mdogo na lilitaka kuwafikia walio wajane kweli. Ila nimeona jinsi agizo kama hilo, mikononi mwa watu wa kawaida kama sisi, linavyogeuka mizani ya kuwapimia watu. Daftari tulilorithi lilikuwa na safu iliyoandikwa juu: "Anahudhuria ibada?" Palikuwa na "ndiyo", "mara chache", na mahali pamoja, kwa wino mwekundu, "hapana". Yule wa wino mwekundu hakuwa amepokea kitu kwa muda mrefu. Alikuwa hawezi kutembea.

Tulibishana juu ya safu ile vikao viwili. Waliotaka ibaki walikuwa na hoja nzito: sadaka ni ya waamini, haitoshi hata kwa waamini, na wapo wanaokuja kanisani msimu wa misaada tu. Mimi niliwakumbusha malalamiko ya kaisari Juliano, aliyeuchukia Ukristo. Mwaka 362 hivi aliandika kwa uchungu kwamba Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, wanawalisha maskini wao na maskini wetu pia. Adui mwenyewe alikiri kwamba msaada wao haukuuliza unasali wapi. Safu ikafutwa kwa rula. Tulipoteza wajumbe wawili siku hiyo, watu wema, na mmoja mpaka leo hajarudi kwenye kamati.

Kwa hiyo sitetei daftari lolote tu. Natetea lile linalouliza mtu anahitaji nini na nani amefika kwake, linalofungwa kabatini, linaloshikwa na watu wawili na si mmoja, ambalo majina yake hayasomwi mbele ya watu hata kwa nia ya kuwaombea. Mtangulizi wangu, mama aliyelitunza kabla yangu, alikuwa na desturi ya kuandika pembeni kwa penseli. Penye jina moja aliandika: "Usimsimamishe nje baada ya misa. Anaona haya." Penye lingine: "Ongea naye kwanza habari za mwanawe." Kila mara ninaposikia kwamba upendo hauandikwi, nakumbuka penseli ile.

Na mzee wetu? Nilimfuata nyumbani, tukazungumza mpaka giza likaingia. Hakunikubalia kila kitu. Alishikilia kwamba parokia isimzuie mtu kutoa kwa mkono wake mwenyewe, bila kupitia kwa yeyote, na katika hilo nilimwona ana haki. Pendekezo la kulazimisha misaada yote ipite kwenye kamati nililiondoa mwenyewe kikao kilichofuata. Kisha akanieleza habari ya familia moja ambayo amekuwa akiisaidia kimya kimya, ambayo imemwomba jina lake lisiandikwe popote. Aliniuliza, akiugua au akifa yeye, nani atajua?

Tulikubaliana namna. Katika ukurasa wa mwisho wa daftari pana mstari usio na jina wala safu yoyote iliyojazwa. Una tarehe tu, moja kwa kila mwezi, na mimi na mzee ndio tunaojua ni nyumba gani.