Nakala ya plasta au nakala ya udongo? Swali la Kisumu

Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yana boma la Kiluo liitwalo Ber-gi-dala, lililojengwa kwa ukubwa wake kamili. Zimo nyumba za wake watatu, mikayi, nyachira na reru, na ya mwana wa kwanza, iitwayo simba. Mwenye boma ni mtu wa kubuni. Mkosoaji atasema basi ni boma bandia, na anayetaka ujenzi wa kale aende Migori akayaone mawe yenyewe ya Thimlich Ohinga, magofu ya boma la kale la kuta za mawe.

Hoja hiyo ina uzito, ila nakala si jambo la kubeza. Jumba la makumbusho la Victoria and Albert la London lilifungua mwaka 1873 kumbi za nakala za plasta. Nakala ya Nguzo ya Trajan, nguzo ya marumaru yenye nakshi ya mfalme wa Roma ya kale, imesimama humo vipande viwili, kwa kuwa nzima haikuenea chini ya dari. Kalibu zake, yaani maumbo ya kumiminia plasta, zilitolewa Roma katika miaka ya 1860, kabla moshi wa magari haujaila marumaru. Baadhi ya nakshi leo zinasomeka vizuri zaidi kwenye plasta kuliko kwenye nguzo yenyewe.

Je, ukuta wa Thimlich nao unakiliwe hivyo, uletwe Kisumu? Kwa kipande cha mita moja ya mraba, unene wa sentimita 2, zinatosha kilo 20 za plasta na lita 14 za maji. Unga wa plasta humwagwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye unga; uache unywe dakika moja au mbili, kisha koroga taratibu usiingize mapovu. Ndoo yenye mabaki ya plasta iliyoganda huharakisha kuganda, na mfuko uliopata unyevu huleta mabonge na nakala dhaifu. Nyuzi za katani ndani huzuia nyufa. Fundi wa dari wa Kisumu anayajua haya yote.

Tatizo liko kwenye kalibu. Kuta za Thimlich, zenye kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, zimepangwa kwa mawe yasiyochongwa, bila chokaa wala udongo wa kuunganisha. Silikoni ya majimaji ya kutengenezea kalibu itapenya kwenye mianya, igande, na siku ya kuibandua itoke na mawe. Kinga ni kuziba mianya kwa udongo wa mfinyanzi kwanza. Lakini mianya hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba hakuna chokaa! Utapata nakala ya ukuta uliosiribwa. Wala haitaonyesha kwamba ukuta una nyuso mbili, ya nje na ya ndani, na mawe ya kujazia katikati. Hapo ndipo ulipo ufundi.

Plasta hufaa nakshi, kwa sababu elimu ya nakshi iko juu ya uso. Ukuta wa kupangwa na nyumba ya udongo elimu yake iko ndani, kwa hiyo nakala yake ya kweli ni kujenga upya kwa vifaa na mikono ileile. Kwa kipimo hicho naiweka Ber-gi-dala juu ya kipande chochote cha plasta, hata kama plasta ingegusa jiwe lenyewe la kale. (Plasta pia huyeyuka kidogokidogo ikinyeshewa, na mvua ya Kisumu haina haya.)

Udongo nao una gharama. Nyasi za paa huoza, mchwa hupanda nguzo, kuta hudai kukandikwa tena. Mkandarasi akiweka saruji chini ya udongo ili apumzike, nakala imekufa ingawa kwa macho inapendeza. Hatari nyingine ni mtoto wa shule kuondoka akiamini kila Mluo aliishi hivi, zama zote. Kibao mlangoni kitaje mwaka wa ujenzi, sehemu zilizokarabatiwa na kifaa kipi ni cha kisasa. Na siku ya kukandika, wageni waalikwe watazame, wenye kutaka washike udongo.