Korosho Isiyoguswa na Moto

Mama Salma alipopimwa presha na kuambiwa apunguze chumvi na vya kukaanga, aliyepunguziwa ni mimi. Sembe ikatolewa ndani, ikaingia dona. Mkate mweupe ukafuata njia hiyohiyo, na chapati zikabaki za Idi. Sikulalamika sana. Dona ukishaizoea, sembe unaiona haina ladha, na mkanda wangu ulirudi kwenye tundu ambalo halijatumika tangu harusi yetu. Hata magimbi ya asubuhi niliyakubali, ingawa gimbi na chai ya rangi isiyo na sukari haliteremki bila mabishano.

Mgogoro ulianzia kwenye siagi. Ile ya karanga ya kopo aliipiga marufuku baada ya kusoma maandishi ya nyuma: sukari, chumvi, na mafuta ya kuigandisha. Karanga za sokoni nazo alizihofia kwa sababu ya sumukuvu, na hapo alikuwa na haki, maana sumu ya ule ukungu haimaliziki kwa kukaanga. Uamuzi ukawa siagi ya korosho. Tena korosho mbichi, za asili, zisizopuliziwa dawa wala kuguswa na moto, kwa kuwa moto, alinifahamisha, unaua uhai wa chakula. Nilipoona bei ya kichupa dukani, kichupa ambacho mtu mwenye njaa anakimaliza kwa kidole kimoja, nikahesabu kuku wa kienyeji pamoja na mchele wake.

"Mpigie kaka yangu Newala," akasema.

Nikampigia shemeji. Nikamweleza shida yangu: korosho zisizopuliziwa, zisizoguswa na moto. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, umeingia kwenye kangomba?"

Kangomba ndiyo ile biashara ya magendo ya korosho. Nikamwambia ni mambo ya afya. Akasema korosho isiyopuliziwa salfa Newala ni kama kuitafuta kwa tochi, kwa sababu usipopuliza, ugonjwa wa ubwiriunga unakausha maua yote, na msimu ukifika unakaa kivulini na wanao mnatazama majani. Ila nyuma ya nyumba kuna mikorosho miwili mizee ambayo hakuna aliyejisumbua nayo. Ataniokotea.

"Lakini bila moto kabisa, shemeji?"

"Kabisa."

"Dada yangu ndiye kasema?"

"Ndiye."

Akacheka mpaka akakohoa. Akaanza kusema jambo kuhusu majivu, salio langu likakata.

Mfuko ulishushwa Mbagala Rangi Tatu siku ya Alhamisi. Usiku huohuo nikakaa barazani na jiwe na nyundo, kwa haraka, maana Jumamosi nilikuwa na shughuli nyingine: mtoto wa marehemu kaka yangu alikuwa anaposa, na ukoo mzima uliniteua mshenga. Sifa yangu kuu, walisema, ni mdomo.

Korosho ikiwa kwenye ganda lake ni ngumu, ya kijivu, haina adabu. Ukiigonga ubavuni inaruka. Ukiigonga sawasawa kwenye mshono, inapasuka, na hapo katikati ya ganda la nje na la ndani kuna sponji iliyojaa mafuta ya kahawia, mazito, yenye kunata. Yanachuruzika vidoleni, mengine yanarukia paji la uso. Mimi nikawa najipangusa jasho kwa mkono huohuo. Nilifurahi hata: nikasema moyoni, mafuta haya yote, siagi itakuwa laini.

Katikati ya kazi nikabanwa na haja ndogo. Nikaenda. Hapa stori inakuwa ya watu wazima, tuipite haraka.

Mama Salma akaingia jikoni na blenda. Kwanza korosho zikawa unga. Kisha zikawa madonge yaliyogoma kuzunguka, na mtu asiye na subira hapo ndipo anapoongeza maji na kuharibu kila kitu. Yeye alisubiri. Blenda ikipata moto anaizima ipoe, siagi isije ikaguswa na moto kwa mlango wa nyuma. Baada ya muda mrefu madonge yakaachia mafuta, na pakatokea kitu cheupe chenye madoa ya kahawia, kinachong'aa, kizuri kwa kweli. Akanipa mwiko niulambe. Yeye alikuwa ameshapiga mswaki, akasema ataonja kesho.

Ijumaa nikashinda najikuna. Ilipofika Jumamosi asubuhi, kioo kilinionyesha mtu nisiyemfahamu. Vidole vilikuwa vyeusi na vinabanduka. Paji la uso lilikuwa na matone ya kuungua, kama nimepigwa muhuri. Mdomo wa juu ulikuwa umeumuka, wa chini nao unaelekea huko, na haikufungika yote miwili kwa pamoja. Kuhusu pengine, nilivaa kanzu, nikamshukuru aliyeibuni kanzu.

Zahanati wakanipa vidonge na dawa ya kupaka. Daktari alitaka kwanza kujua ni nyuki wa wapi. Nilipomweleza, akasema korosho na embe ni ukoo mmoja. Ule utomvu wa embe unaobabua midomo ya watoto una ndugu yake kwenye ganda la korosho, naye ni mkali zaidi. Akaongeza kwamba mafuta hayo viwandani yanatumika kwenye rangi na kwenye breki za magari.

"Kwa hiyo nimelamba breki," nikasema. Kwa midomo ile ilisikika "vreki". Naye akaelewa.

Kutoka pale nikawasha simu, nikakuta ujumbe wa shemeji wa tangu juzi: *Usisahau kupaka mikono majivu. Na usijiguse.*

Kumbadilisha mshenga siku ya posa kulishindikana. Wazee walisema nitaongea kidogo tu, heshima ya ukoo imebebwa na uzoefu wangu wala si sura. Tukaenda Mbagala, tukakaribishwa, tukakalishwa mkekani, na mimi nikawa nakaa upande, nahamia upande, nachutama kidogo, narudi upande wa kwanza. Shangazi wa binti akamnong'oneza mwenzake, na katika minong'ono yao nililisikia vizuri neno "kafumaniwa".

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa na maneno mazuri ya ua na bustani, lakini nikaona niende moja kwa moja, niwapunguzie wao na mimi mateso. Nilikusudia kusema: nimekuja kuomba binti yenu. Jamani, jaribu kutamka *mb* bila midomo kukutana.

"Niwekuja kuowa vinti yenu," nikasema.

Pakawa kimya. Baba wa binti akanitazama kuanzia mvi mpaka soksi. "Kuoa? Kumbe ni wewe?"

"Hafana! Si wiwi! Ni kijana!"

Kijana mwenyewe alikuwa ameinama, mabega yanatetemeka, na sikuweza kujua kama analia. Wakwe wakaanza kutazamana. Ndipo babu wa binti, mzee wa Lindi aliyekuwa kimya kwenye kiti chake cha uvivu muda wote, akaniita kwa kidole. Nikamwendea kwa magoti, nikamwamkia. "Shikawoo, vavu."

"Marahaba. Lete mkono."

Akavigeuza vidole vyangu kimoja kimoja, kwa utulivu wa mtu anayekagua mihogo. "Umebangua korosho."

"Ndiyo, vavu."

"Hujazichoma."

"Sikuzichowa."

"Na majivu hukupaka." Akawageukia wenzake, akiwa amefurahi sana. "Jamani, huyu hajapigwa na mtu. Huyu kabangua ghafi kwa mkono mkavu!" Akawaelezea wasiojua: kijijini zinamwagwa kwenye bati juu ya moto, yale mafuta yanawaka yenyewe, moshi mweusi unapanda, mnakaa mbali, kisha mnazizima kwa mchanga ndipo mnapasua. Hata kiwandani zinapitishwa kwenye mvuke kwanza. "Hizo mnazonunua dukani mkiambiwa mbichi," akasema, "moto zimeshauona zamani. Ungenunua hizo, bwana mdogo."

Upande wa wanawake, Mama Salma alikuwa anatengeneza mtandio wake kwa makini mno.

"Na huko kukaa upandeupande," babu akaendelea, bila haya, "uligusa na wapi kwingine?"

Sikujibu, na kutojibu kwangu kukaeleweka na watu wa rika zote. Yule shangazi wa minong'ono alilazimika kutolewa nje akapigwe upepo. Baba wa binti alicheka mpaka akavua kofia, na nadhani posa ilikubaliwa hapohapo, ingawa karatasi ya mahari ilikuja baadaye kama kawaida, na mistari yake yote.

Mstari wa mwisho ulikuwa umeongezwa kwa kalamu: *Faini ya mshenga kutaka kujiolea mwenyewe: korosho kilo mbili, zilizobanguliwa, zilizokaangwa, zenye chumvi.*

Mama Salma akanyoosha mkono, akauliza kama zinaweza kuwa bila chumvi.