Kaloli wa Kampala, kunguru wa Mombasa

Huu ni mwaka wangu wa tisa Kampala, na watu wakiniuliza nimekosa nini cha kwetu hudhani nitasema bahari. Bahari naivumilia. Nilichokosa ni mahali pa kukaa bure.

Kwetu Mombasa jioni mtu hushuka bustani ya ufukweni ya Mama Ngina na wanawe, akanunua mihogo ya pilipili na ndimu, akakaa karibu na mbuyu kutazama meli zikiingia Kilindini. Hakuna anayekuuliza umefuata nini. Walipopatengeneza upya mwaka 2019 tulihofia mibuyu, lakini ipo. Ndege ndio tatizo: kunguru, kunguru tena. Hawa wa Bara Hindi hula mayai na makinda ya wenzao, na kelele zao ndizo adhana yetu ya pili.

Huku ndege wapo mpaka basi. Kaloli, yule korongo mwenye kipara na mfuko shingoni, husimama kando ya jaa kama mzee anayesubiri pensheni. Karibu na kazini kwangu kuna bustani ndogo, na saa saba nilikuwa nikila rolex yangu, chapati iliyoviringiwa mayai, chini ya mutuba, hondohondo wakinidondoshea maganda ya tini. Mutuba ndio mti ambao Waganda hutoa magome ya kutengenezea lubugo, kitambaa chao cha jadi. Miti yake haizai kwa pamoja. Huu una tini leo, ule mwezi ujao, hivyo ndege na popo hawalali njaa.

Mwaka jana wakaukata. Ati vinyesi vinachafua magari. Badala ya kuhamisha magari! Wakatandaza matofali, wakapanda mitende ya mapambo isiyo na kivuli wala tunda, na nyasi zenye kibao cha kukataza kukanyaga. Nilipoketi ukingoni askari akanijia: "Ssebo," yaani bwana, "hapa hapakaliwi." Nikamjibu kwa Kiswahili, akasimama wima kidogo. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005, lakini masikioni mwa wengi hapa bado kinanukia kambi ya jeshi. Kisha akanifukuza vilevile, kwa adabu.

Najua nitaambiwa niende Entebbe. Ile bustani ya mwaka 1898 naipenda, na mbega wake, lakini langoni unalipa, na fundi viatu mwenye nusu saa ya chakula hafiki huko akarudi. Yeye anahitaji benchi lenye kivuli papa hapa mjini. Na kona moja isiyofyekwa kila wiki, vipepeo nao wapate pao.

Mwenzangu kazini, Mganda, ananiambia mutuba hauhitaji kitalu: unakata tawi nene, unalichomeka ardhini wakati wa mvua, linashika. Mvua za Machi zinakaribia. Tawi nimeshaliona, nyuma ya nyumba ninayopanga. Amebaki yule askari tu.