Nomadland: Nani Anaweza Kulala Garini?

Ni usiku, Fern yumo ndani ya gari lake, mara dirisha linagongwa. Mwanamume anamwambia hapa hairuhusiwi kulala. Anashtuka, anasema anaondoka. Basi, yameisha. Tukio hilo fupi hunirudia kila nikisikia watu wakibishana kama Nomadland, filamu ya Chloé Zhao ya mwaka 2020, imewatendea haki watu wa pembezoni.

Fern ni mjane wa Empire, mji mdogo wa Nevada uliokufa baada ya kiwanda cha jasi kufungwa mwaka 2011. Hata msimbo wake wa posta ulifutwa. Anahamia garini na kufuata vibarua vya msimu, leo ghala la Amazon, kesho mavuno ya viazi sukari.

Wanaoisifu wana hoja nzito. Linda May, Swankie na Bob Wells, ambao Fern anakutana nao, si waigizaji. Ni wahamahamaji wenyewe, watu wanaoishi magarini, na wanatumia majina yao. Hollywood, ambako mwanamke akivuka arobaini huanza kupewa nafasi za mama wa fulani, hapa inatuketisha mbele ya nyuso zenye makunyanzi na kutuacha tuzisikilize. Wells anaposimulia jinsi alivyofiwa na mwanawe, msiba ule ni wake kweli.

Ila Swankie ananitatiza. Katika filamu anaumwa saratani, anakufa. Swankie halisi hakuwa na ugonjwa huo, na filamu ilipotwaa Oscar tatu mwaka 2021 alikuwa hai. Hakuibiwa kitu, aliigiza kwa hiari yake. Lakini ukishaniambia hawa ni watu wa kweli, kisha ukaniliza kwa kifo ambacho hakikutokea, umeutumia ukweli wa mtu kama pambo. Waigizaji wa kulipwa hawana shida hiyo. Hakuna anayedhani Frances McDormand, aliyeigiza Fern, analala kwenye gari.

Kisha kuna suala la rangi. Katika filamu, kambi ya wahamahamaji jangwani kule Quartzsite, Arizona, ni ya Wazungu karibu watupu. Watetezi husema ndivyo ilivyo, na kupachika sura mbili tatu za Weusi ingekuwa uongo. Nakubaliana nao. Tatizo ni kwamba Jessica Bruder, mwandishi wa kitabu cha 2017 kilichozaa filamu hii, aliuona weupe huo na akajiuliza sababu yake: Mweusi anayelala garini Marekani ana hofu nyingine kabisa, ya kupigwa risasi na polisi. Filamu ilichukua watu wa kitabu, ikaliacha swali.

Wanaohesabu nani kashirikishwa watasema Zhao, mzaliwa wa Beijing, ndiye mwanamke wa kwanza asiye Mzungu kushinda tuzo ya mwongozaji bora. Ni kweli, na si jambo dogo. Tangu 2024 Oscar yenyewe inahesabu: filamu inayowania tuzo kuu lazima itimize vigezo viwili kati ya vinne vya ujumuishi, yaani vya kuwapa nafasi watu wa pembezoni, na vingine hutimizwa nyuma ya kamera. Hesabu inaweza kukaa sawa na swali la Bruder likabaki palepale.

Sidai filamu nyingine. Nilitaka mtu mmoja tu pale kwenye moto wa kambi aulize kwa nini watu fulani hawapo. Dirisha lilipogongwa, Fern hakuhitaji kufikiria mikono yake iko wapi.