Matundu Manane Usiku wa Manane

Juzi nimelala saa tisa usiku kwa sababu ya flenji, ile sahani ya chuma yenye matundu ya bolti inayounganisha mabomba. Moja tu. Ya bomba la DN200 (saizi ya bomba, kama milimita 200), lile sahani la kipenyo cha milimita 340 ambalo fundi bomba yeyote analijua hata gizani. Mchoro ulitoka kwa dogo mmoja wa ofisi fulani, umechorwa kwa PN10, yaani daraja la shinikizo la bar 10: matundu manane ya milimita 22 kwenye mduara wa 295. Kwa macho, safi kabisa. Jioni mteja akapiga simu, kumbe laini yake ni PN16, na mtu wa leza anataka faili saa mbili asubuhi.

Nikacheka. Kwenye DN200 mduara ni uleule, tundu ni lilelile, ila nane inakuwa kumi na mbili. Nikafungua faili kwenye programu ya kuchorea nibadilishe namba ya idadi nikalale.

Namba haipo. Dogo alichora tundu moja, akalinakili, akalizungusha, akalibandika. Mara saba! Kila tundu na vipimo vyake, na mawili hayakufungwa popote, yanaelea tu. Ukigusa hili, lile linasogea nusu milimita, na kule saiti bolti zinagoma kuingia.

Na usidhani kuna ya kuokoa. Kwenye flenji mstari wa katikati haupiti juu ya tundu, unapita kati ya matundu mawili. Yakiwa manane, la kwanza linakaa nyuzi 22.5. Yakiwa kumi na mawili, linakaa 15. Katika yale manane hakuna hata moja linaloangukia mahali papya. Nikafuta yote.

Jamani, paterni ya duara ipo, amri ya programu inayorudia umbo moja kuzunguka duara! Unachora tundu moja, unachagua mhimili wa kulizungushia, unaandika idadi. Na ukitaka raha zaidi, pembe ya kuanzia usiiandike kwa mkono, ipe fomula: 180 gawanya kwa idadi. Mteja akibadili mawazo, na atabadili, unagusa namba moja, pembe inajipanga yenyewe. Wala si mambo ya jana. Mwaka 1963 pale MIT, Ivan Sutherland na Sketchpad yake, programu ya kuchora kwenye kompyuta, alikuwa anabadilisha mchoro mama, nakala zote zinafuata. 1963! Tanganyika haijaungana na Zanzibar. Sisi leo tunabandika matundu kama stika za daladala.

"Lakini kaka, si yanaonekana sawa?" dogo aliniuliza. Yanaonekana, ndiyo. Ila mchoro haumalizikii kwako. Paterni inamwambia atakayefungua faili baada yako kwamba haya matundu ni ndugu, ukimhamisha mmoja wote wanahama. Kopi hazisemi kitu. Ni mayatima wanane waliosimama kwenye duara.

Haya, nikubali kidogo: paterni kubwa inatesa kompyuta. Niliwahi kuchora sahani ya chujio, matundu maelfu, laptopu ikahema kama mzee anayepanda ghorofa ya nne. Hapo unaizima paterni kwanza, unamaliza kazi nyingine, unaiwasha mwishoni. Wale mnaopanga arei (ndiyo paterni ya programu ya AutoCAD) kisha mnailipua kwa amri ya explode, inayoivunja iwe kopi tu, halafu mnalalamika haihaririki, sina la kuwaambia.

Dogo huyohuyo aliwahi kunichorea uzio wa mita 5.4, nguzo kila milimita 600. Siku hiyo paterni alitumia, nikafurahi. Akagawanya, akapata tisa, akaandika tisa, na mwisho wa uzio pakabaki wazi. Ile idadi ya paterni inahesabu na nguzo ya kwanza, kwa hiyo ni kumi. Mfuga ng'ombe yeyote angemwambia nafasi tisa ni nguzo kumi, bila kuwasha kompyuta.

Saa mbili kasoro nikatuma faili kwa mtu wa leza, nakala kwa dogo ajifunze. Tundu moja, paterni moja, idadi 12. Baada ya dakika tano akanijibu: "Kaka, kwenye orodha naona tundu moja tu. Mengine umesahau?"