Strechi Ni Dawa ya Ugonjwa Ambao Gari Lako Halina

Nayapenda magari yaliyoshushwa, na niliseme hilo mapema ili mtu asidhani haya ni malalamiko ya mzee anayechukia vijana na kelele za egzosti zao. Subaru Impreza iliyokaa chini vizuri, rimu imejaa ndani ya madigadi, ikipita Kenyatta Avenue hapa Nakuru Jumapili jioni, mimi husimama kando nikaitazama hadi ipotee. Ninachokipinga ni kitu kimoja tu, na kila mwaka tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 na kupiga kambi Naivasha, ndani ya kaunti yetu, nakiona zaidi kwenye misafara ya kwenda kutazama mashindano: tairi jembamba linavutwa likavalishwa rimu pana kupita kiasi, ubavu wake ukalala mshazari na mdomo wa rimu ukabaki nje, uchi. Hiyo ndiyo strechi.

Wengi wanaovalisha hivyo hawajawahi kujiuliza strechi ilianza kwa nini. Kwa wapenzi wa magari wa Japani na Ujerumani ilitokana na shida ya nafasi. Mtu ameshusha gari lake, ametia rimu pana, na kila springi zikibonyea bega la tairi linakwaruza ukingo wa madigadi. Akivalisha tairi jembamba zaidi kwenye rimu ileile, bega linavutwa kuelekea ndani na gari linaweza kushuka bila kukwaruza. Basi. Sura ya kupendeza ilikuja baadaye, watu walipoizoea.

Sasa ukienda kwenye mkutano wa magari hapa kwetu, iwe Nakuru au Kisumu, chuchumaa kando ya gari lenye strechi upime kwa vidole nafasi iliyopo kati ya tairi na madigadi. Mara nyingi kiganja kizima kinapita. Hakuna kinachokwaruza popote. Tairi limevutwa kwa sababu mwenye gari aliona picha, au kwa sababu hela ziliishia kwenye rimu na matairi yaliyobaki dukani kwa bei yake yalikuwa membamba. Sababu ya pili naielewa kabisa, maana rimu ni ghali. Lakini kinachogusa lami ni tairi.

Tuzungumze kwa namba, maana hapa ndipo mabishano mengi hupotelea hewani. Chukua tairi la 205/40R17, ambalo naliona sana kwenye strechi. Hiyo 205 ni takriban upana wa tairi kwa milimita, ubavu hadi ubavu, linapopimwa likiwa kwenye rimu ya inchi 7.5; 40 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Watengenezaji hufuata jedwali la vyama vya viwango, ETRTO kwa Ulaya na JATMA kwa Japani, na jedwali linaliruhusu tairi hilo kwenye rimu ya inchi 7 hadi 8. Kijana wetu analivalisha rimu ya 9J, yaani ya upana wa inchi 9. Inchi 9 ni karibu milimita 229 kati ya kingo mbili za rimu, wakati tairi lilipimwa kwenye rimu ya milimita 190 na ushee. Umelipanua miguu kwa karibu sentimita nne.

Halafu kuna urefu, jambo ambalo watu hulisahau kabisa. Impreza iliyotoka kiwandani na 205/55R16 ina gurudumu lenye kipenyo cha takriban milimita 632. Hiyo 205/40R17 inatoa milimita 596. Gari limeshuka milimita 18 hata kabla hujagusa springi, na mita ya kasi nayo inadanganya kwa asilimia sita: inasoma 106 wewe ukiwa kwenye 100. Kilomita unazohesabiwa nazo zinapanda kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo siku ya kuuza gari utamwonyesha mnunuzi safari ambazo hukuwahi kwenda.

Hatari yenyewe, hata hivyo, imejificha kwenye ukingo wa ndani wa tairi, ule wenye waya wa chuma. Ukingo huo hukalia bega dogo la rimu, na kinachoubana pale ni presha ya hewa. Nyuma ya bega hilo kuna kinundu kidogo cha kuuzuia usirudi nyuma, na baada ya kinundu kuna bonde la rimu. Kwenye tairi lililoenea rimu yake, ubavu unasimama karibu wima na kuusukuma ukingo kwenye mdomo wa rimu. Kwenye strechi kali ubavu umelala, kwa hiyo kila kona na kila shimo vinauvuta ukingo kuelekea bondeni. Hewa ikipungua kidogo tu, ukingo unateleza, unaruka kinundu, na upepo wote unatoka kwa mpigo. Hapo hakuna pancha ya polepole itakayokupa muda wa kutafuta pa kuegesha.

Na hewa hupunguzwa makusudi! Hili huniumiza zaidi. Strechi hulifanya gari kuwa gumu, maana ubavu uliolala haubonyei. Abiria wanalalamika, mgongo unauma, na dereva anaenda kwa fundi wa pancha: "Niondolee kidogo, iwe soft." Anaondoa kilekile kilichokuwa kinashikilia tairi. Uzito nao unahusika. Tairi la kawaida la 205/55R16 lenye alama ya uzito 91 hubeba kilo 615. Hili la 205/40R17 lenye alama 84 hubeba kilo 500, tena hizo 500 ni za tairi lililojazwa presha yake kamili. Pakia watu watano na mizigo ya kwenda ushago, kisha toa hewa ili iwe soft, halafu niambie gari hilo linategemea nini.

Kuna karakana moja mjini ambapo niliwahi kusimama nikaangalia strechi ikivalishwa. Jina lake nitaliacha. Tairi lilikuwa chini, rimu ndani yake, na kati ya ukingo wa tairi na bega la rimu kulikuwa na mwanya wa kuingiza vidole viwili. Kompresa ilipuliza, hewa ikatokea palepale kwenye mwanya. Wakapaka sabuni, wakapuliza tena, ikatoka tena. Fundi akachukua chupa ya soda yenye petroli, akamwaga ndani kwa kuzungusha mkono, akarudi nyuma, akawasha karatasi mwishoni mwa fito na kuisogeza. Kishindo chake kilimfanya muuza mayai ng'ambo ya barabara ainuke. Rimu iliruka kutoka chini, moshi mweusi ukatoka, ukingo mmoja ukakaa. Wa pili haukukaa vizuri, kwa hiyo wakaunganisha mpira wa hewa na kuacha kompresa inaunguruma huku wote wakiinamia tairi kusikiliza lilie "pa!" Mshale wa geji ulikuwa umepita psi 50.

Nilimwambia fundi, "Kaka, hiyo si presha ya kuinamia." Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mzee, bila hivyo haiwezi kukaa."

Nami namwamini. Kwa mchanganyiko ule, bila hivyo haiwezi kukaa, na jambo hilo peke yake lingetosha kumwambia mwenye gari kwamba tairi na rimu hizo hazikuumbwa kuonana. Maelekezo ya kawaida ya watengenezaji ni kutozidisha psi 40 wakati wa kukalisha ukingo. Likigoma, unatoa hewa, unalainisha upya, unaanza tena. Na moto hauna geji. Hujui ndani mmefika presha gani wala joto gani, na ngozi laini ya ndani ya tairi, ile inayozuia hewa isipenye, ndiyo iliyochomwa. Ukishaondoka pale hakuna anayeweza kuona kilichoungua. Karakana zenye vifaa hutumia tangi la hewa lenye mdomo mpana, ambalo huachilia hewa yote kwa mara moja. Kama lazima uvute, tafuta fundi mwenye tangi, na umwombe asiiname.

Nimeshaambiwa mara nyingi kwamba Wajerumani na Wajapani wanafanya hivi siku zote. Wanafanya, ndiyo. Lakini Ujerumani ukibadilisha rimu na matairi nje ya yale yaliyo kwenye karatasi za gari, mkaguzi lazima apitishe kazi hiyo kabla hujarudi barabarani. Pia hawapiti tunapopita sisi. Toka hapa uende Kisumu kupitia Mau Summit na Kericho: unapanda, unashuka, kona za mashamba ya chai zinafuatana, mvua ya alasiri inanyesha karibu kila siku msimu wake, na matuta yanakungoja kila penye soko. Ukifika Awasi na Ahero, bodaboda na tuktuk zinaingia barabarani bila taarifa, nawe unalazimika kukwepa kwa ghafla, gurudumu moja likashuka ukingoni mwa lami. Ukingo huo uliomegeka ndio unaokutana na mdomo wa rimu. Tairi la kawaida lingetanguliza ubavu wake uliofura kidogo nje ya rimu, ukapokea pigo. Strechi inatanguliza aluminiamu. Rimu inapinda au inapata ufa mwembamba kama unywele, hewa inaanza kuvuja, na tumeshaona hewa ikipungua kunatokea nini.

Sheria nayo ipo. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka gari na sehemu zake zote, matairi yakitajwa kwa jina, yawe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara wala waliomo ndani. Soma pia masharti ya bima yako kuhusu kutunza gari na kutoa taarifa ukilibadilisha, na uyasome kabla ya ajali.

Kwa upande wangu, nadhani wengi wanaotafuta strechi wanachokitaka hasa ni rimu iliyo sambamba na madigadi, isiyodumbukia ndani wala kutoka nje. Sura hiyo huletwa na ofseti, ile namba ya ET iliyochongwa kwenye rimu, inayoonyesha kwa milimita uso wa kufungia rimu uko umbali gani kutoka katikati ya upana wake, pamoja na kimo cha gari. Tuseme rimu ya zamani ni 7J yenye ET 48. Ukiweka 9J yenye ET 35, uso wa rimu unasogea nje karibu milimita 38. Sasa ndiyo, utakwaruza, na hapo ndipo watu wanakimbilia kuvuta tairi, kulaza magurudumu kwa kemba kali, vichwa vyake vikiinamia ndani, na kuyala matairi upande wa ndani hadi waya zionekane huku nje yakiwa bado mapya. Ukichagua 8J yenye ET 45, uso unasogea nje milimita 16 hivi. Kwenye magari mengi hiyo inatosha kujaza madigadi bila vita.

Na juu ya 8J hiyo unaweka 225/45R17. Jedwali linairuhusu kuanzia inchi 7 hadi 8.5. Kipenyo chake ni milimita 634, karibu sawa kabisa na cha kiwandani, kwa hiyo mita ya kasi inasema ukweli. Alama yake ya kawaida ni 91, kilo 615, uzito uleule gari lilioundiwa. Anayetaka ubavu ulionyooka na kuvutika kidogo, ile sura ya tairi lililobana, aichukue tairi hiyohiyo kwenye rimu ya 8.5J. Ni strechi, inaonekana, na iko ndani ya jedwali. Aliyekwisha nunua 9J bado ana njia: 235/45R17 inairuhusu inchi 9, kisha fundi mzuri wa bodi anakunja ukingo wa ndani wa madigadi kwa taratibu. Ukinunua tairi lolote, kuukuu hasa, soma zile tarakimu nne za mwisho kwenye DOT, ule msimbo ulio ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliozeeka haufai kuvutwa hata nusu inchi.

Wapo wanaosema gari lao ni la maonyesho tu, haliendi mbali. Sawa. Nunua seti mbili, zile za strechi zipelekwe kwenye pikapu, zivalishwe uwanjani na zivuliwe uwanjani. Nawajua wanaofanya hivyo na nawaheshimu. Ila anayeniambia gari ni la maonyesho, kisha Jumatatu namkuta kwenye barabara ya Njoro akiwapeleka watoto shule, huyo hatujaelewana.

Waandalizi wa mikutano ya magari ndio ningependa wanisikie zaidi. Zawadi ya gari lililokaa vizuri ipo kila mara, na kila mara inaangaliwa kwa macho tu. Ongezeni kigezo kimoja: saizi ya tairi na upana wa rimu viandikwe kwenye karatasi ya kioo cha mbele, na lililo nje ya jedwali lisishinde. Vijana hujenga magari yao kufuata kinachoshinda, na msimu mmoja tu wa kigezo hicho ungebadilisha oda zinazopelekwa kwa wauza rimu kuanzia hapa hadi Kondele kule Kisumu. Anayehitaji mtu wa kukagua karatasi hizo, jedwali ninalo, na Jumapili huwa sina kazi.