Printa ya Yanga na kauntabuku la michango

Printa ya wino haina macho. Ikikuandikia kwamba wino umekwisha, usidhani imechungulia ndani ya katriji ikakuta pakavu. Nyingi ya hizi za bei nafuu zinahesabu tu matone yaliyotoka tangu katriji ilipowekwa, hesabu ikifika mahali fulani zinatangaza msiba. Ni kama mweka hazina wa kamati ya harusi: mfukoni mwako hapajui, anachojua ni daftari lake.

Nina fremu ya steshenari hapa Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za kuomba kazi, na msimu ukifika nachapa kadi za mchango. Hizo kadi ndizo zinazolipa kodi ya fremu, hayo mengine ni ya maji na vocha.

Kazi iliyoleta balaa ilikuwa ya kijana wa mtaa wetu. Kadi yake ilikuwa na picha: yeye kavaa suti ya buluu, mchumba kavaa gauni jekundu, nyuma yao maua. Mweka hazina wa kamati ni mwalimu mstaafu, mama ambaye nusu ya wanaume wa mtaa huu amewahi kuwachapa fimbo na nusu nyingine bado wanamwogopa. Alikuja mwenyewe kusimamia. Akatoa kopi zake mbili tatu kwenye ile mashine kubwa, akalipa, akaketi kwenye benchi na kauntabuku lake la kwaya mbili mapajani.

Kadi hazijafika hata robo, printa ikaanza kupepesa taa ya chungwa. Wino wa rangi.

Sasa, katriji mpya, ile nyeusi na ile ya rangi ukizinunua pamoja, zinakaribia bei ya printa yenyewe. Huo ndio mtego wa biashara hii: mashine wanakuuzia kwa bei ya kirafiki, kisha wanakwenda kukusubiri kwenye wino. Ndiyo maana sisi wa fremu tunanunua wino wa chupa na kujaza wenyewe. Si kazi ngumu ukiwa na subira. Tatizo ni kwamba siku hiyo subira ilikuwa kwa mteja mwingine, mimi nikiwa naye kwenye picha za pasipoti, na kazi ya kujaza ikachukuliwa na shemeji.

Shemeji ni mdogo wa mke wangu. Amekuja kunisaidia, na mdogo wa mke haambiwi hajui. Ukimwambia mchana, usiku unaambiwa wewe.

Alikuwa ameangalia video. Akatoka mbio hadi duka la dawa, akarudi na mabomba ya sindano kama anakwenda kuchanja mbuzi wa kijiji kizima. Kabla ya kuanza akatupa mhadhara. Mwaka 1977, Japani, mhandisi wa Canon aitwaye Ichiro Endo, chuma cha moto cha kulehemu nyaya kiligusa kwa bahati mbaya sindano ya bomba lenye wino, wino ukaruka. Hapo wakajua joto lenyewe linaweza kuusukuma wino utoke, na printa za aina hii zikazaliwa. Habari hiyo ni ya kweli, nami sina ugomvi nayo. Ila shemeji alichokielewa yeye ni kwamba Mjapani alianza na bomba la sindano, na yeye bomba la sindano analo.

Katriji ya rangi ukiibandua kile kibandiko cha juu unakuta vitundu vidogo. Chini yake kuna vyumba vitatu, kila kimoja na sifongo yake: samawati, manjano, na ile ya waridi iliyokolea ambayo bila yake printa haina nyekundu wala zambarau. Tundu lipi ni la rangi ipi inategemea aina ya katriji, kwa hiyo mtu mwenye akili zake huchomeka kijiti cha meno, akakichomoa na kuangalia ncha imetoka na rangi gani. Kijiti cha meno kilikuwepo. Kilikuwa mdomoni mwa shemeji.

Manjano akaipeleka kwenye chumba cha waridi. Na sifongo inataka ilishwe pole pole, tone kwa tone, uiache inywe. Yeye alisukuma bomba kwa kidole gumba mpaka wino ukafurika juu ya vitundu, rangi zikatembeleana, na mikono yake yote miwili ikabadilika. Dereva wa boda aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akamtazama, akauliza, "Kaka, uchaguzi ulikuwa lini? Na mbona umepiga kura vidole vyote kumi?"

Printa ikakataa bado. Daftari lake lilisema wino hakuna, hata ungeimwagia ndoo. Kwa aina hii dawa ipo: unashikilia kile kitufe cha kusimamisha kwa sekunde tano hivi, inasalimu amri, inaacha kuhesabu, inachapa. Shemeji akashikilia. Ikaguna, ikavuta karatasi, ikatoa kadi.

Bwana harusi alikuwa na suti ya kijani na uso wa manjano.

Ukifikiri vizuri utaona mashine haikukosea. Buluu ya suti ni samawati na waridi. Ondoa waridi, weka manjano, unapata kijani. Gauni jekundu nalo likawa manjano tupu. Lakini bwana harusi hakuja pale kufikiri. Yule kijana ni Simba wa damu, chumba chake ni chekundu, pikipiki yake nyekundu, na alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, watani hawa wamefanyiana kila aina ya vituko, lakini nadhani yeye ndiye Simba wa kwanza kusajiliwa Jangwani na printa.

"Mmenivalisha Yanga kwenye kadi ya harusi yangu?"

Mwalimu akaichukua ile kadi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. "Mbona mimi naona umependeza," akasema. Kumbe na yeye.

Shemeji akaahidi kurekebisha. Akaingia kwenye kompyuta akaamuru printa isafishe kichwa. Ikasafisha. Akaamuru tena, safari hii kusafisha kwa kina. Kisha tena. Sasa hebu jiulize: printa ikisafisha kichwa, wino unaovutwa unakwenda wapi? Haurudi kwenye katriji. Unamwagwa kwenye sifongo nene iliyolala chini kabisa, tumboni mwa mashine. Yaani wino nilioununua kwa fedha yangu ulikuwa unapita tu kwenye kichwa ukisalimia, kisha unakwenda kulala. Na hiyo nayo printa inaihesabu. Ikafika kikomo, taa ya chungwa na ya kijani zikaanza kupokezana, na kwenye kompyuta ukaja ujumbe kwamba sifongo ya wino taka imejaa, peleka kwa fundi. Hapo kile kitufe cha sekunde tano hakisaidii. Fundi anabadilisha sifongo au anaiosha na kuikausha, kisha anairudisha hesabu kwenye sifuri kwa njia zake.

"Kama imejaa," shemeji akasema, "si inamwagwa?"

Nilisikia hilo nikiwa na kamera usoni. Nilipogeuka alikuwa ameshainyanyua printa, ameikumbatia kifuani kama beberu anayekataa kuingia kwenye gari, na anaielekea benchi. "Mwalimu, samahani, sogea kidogo." Mwalimu akainuka, kwa heshima zote, akaacha kauntabuku wazi pale alipokuwa amekaa. Shemeji akaigeuza mashine miguu juu.

Mwanzoni halikutoka kitu. Akaitikisa. Kwenye kona moja likajitokeza tone, likaning'inia, likawa zito, likadondoka. La pili halikungoja. Kisha likaja lote kwa pamoja, rangi zote zimechanganyika zikawa tope jeusi linalong'aa, likatua katikati ya ukurasa wa ahadi na kuteremkia kulia.

Kushoto kwa ukurasa ule kulikuwa na majina. Kulia kulikuwa na safu tatu: ahadi, alicholipa, baki. Majina yakabaki yamesimama safi, unayasoma hata ukiwa barabarani. Tarakimu zote zikazama.

Nilitegemea fimbo. Mwalimu akalitazama daftari lake muda mrefu, akalifunika, akaliweka kwenye mfuko wa rambo, akasema, "Tutaonana kwenye kikao."

Kadi zikaenda kuchapwa kwa jirani, kwa hela yangu. Habari ya daftari nayo ikaufikia mtaa mzima kabla ya magharibi.

Jumapili kikao kilijaa. Watu ambao tangu vikao vianze tulikuwa tunawapigia simu hawapokei, walikuja mapema wakakaa mbele. Mwenyekiti akaeleza kwamba kumbukumbu zimepata ajali, hivyo kila mmoja ataje mwenyewe alipofikia. Sijawahi kuona kamati yenye baraka kiasi kile. Wa kwanza alikuwa amemaliza. Wa pili amemaliza. Wa tatu alidhani alizidisha, lakini haidai, iwe zawadi kwa maharusi. Mwalimu alipouliza kuhusu meseji za malipo kwenye simu, ikabainika kwamba wote walilipa taslimu, mkononi, tena jioni jioni hivi.

Ikafika zamu ya shemeji. "Mimi elfu hamsini yangu nilimaliza. Nilikupa mwenyewe, Mwalimu, mkononi."

"Nyosha mikono."

Akanyosha, wala hakujiuliza, mazoea ya shule. Kucha zake bado zilikuwa na kijani.

"Mikono hii ndiyo iliyonipa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Mwalimu akavaa miwani. Akafungua mkoba akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua, akaipiga pasi kwa kiganja juu ya meza. Ilikuwa kopi. Nyeusi na nyeupe, safi kabisa, ile ya mashine yangu kubwa, aliyoitoa asubuhi ile ile kabla hajakaa kwenye benchi. Safu zote tatu zinasomeka.

"Tutaanza na huyu," akasema. "Ahadi, elfu hamsini. Amelipa, sifuri. Baki, elfu hamsini. Anayefuata ni yule aliyezidisha. Yuko wapi?"

Aliyezidisha alikuwa ameshatoka kwenda kupokea simu. Mwenyekiti akawa anaangalia dari. Shemeji akashusha mikono taratibu, akanisogelea sikioni.

"Shem," akaninong'oneza, "una elfu hamsini hapo?"